Jipiesi ya Fundi na Saa ya Jenerali

Jumatatu, 4 Machi

Bila mimi wilaya hii isingejua nani mgonjwa na nani mzima. Siandiki hivyo kwa kujisifu, ndivyo mambo yalivyo. Damu inatolewa vituoni, maabara iko mjini, na katikati pana mimi na baiskeli yangu. Daktari anasubiri karatasi, karatasi inasubiri kichupa, na kichupa kinasubiri miguu hii, ambayo mwaka mmoja ilishindana na treni ya mizigo ikaiacha mpaka dereva wake akavua kofia.

Naanza daftari hili kwa sababu mvua imeanza leo na msimu huu una mambo. Maabara imeongeza vituo kumi na moja vya milimani. Halafu Karani, binti anayepokea vichupa dirishani, ametusomea amri mpya: kila safari iache mstari kwenye ramani, uonekane ulipita wapi na kwa dakika ngapi, maana damu ikikaa njiani zaidi ya saa mbili haifai tena. Mstari unatoka kwenye simu, au kwenye jipiesi, kile kidude wanachofunga kwenye usukani wakimbiaji wa mashindano ya baiskeli.

"Safari tatu bila mstari, tunatafuta mtu mwingine," akasema.

"Binti, hiyo ramani yenyewe waliichora kwa kuniuliza mimi."

Hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Nyumbani ninaye mpwa wangu, mimba ya miezi saba, kaamriwa alale asifanye kazi. Mumewe ni dereva wa malori ya mbali. Mama yake, dada yangu wa pekee, aliondoka akijifungua mtoto wa pili. Damu ilikataa kukatika. Mtoto naye hakukaa. Mpwa alikuwa na miaka sita, nikamlea mimi. Sasa yuko katika njia ileile ya mama yake, na simu yangu ndiyo kengele yake. Akipiga, napaa.

Jumatano, 6 Machi

Nimefunga simu kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Kila tone linaloanguka kwenye kioo, simu inadhani ni kidole changu. Nilikuwa naelekea kituo cha tatu. Tone moja likachagua duka la mbao, jingine likachagua makaburi. Nilifika makaburini na vichupa kumi na vinne nikiambiwa "umefika." Nikasema bado, ahsante.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Vituo vinne. Mstari umetoka.

Jumanne, 12 Machi

Nimegundua dawa, na kampuni za simu zingenitafuta kama zingekuwa na akili. Simu naiweka mfukoni ndani ya mfuko wa maziwa, hedifoni sikioni, kisha namsikiliza yule mwanamke wa ramani. "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto." Akitamka neno, naitupia jicho saa yangu, napinda, sikosei hata njia panda moja. Leo Karani alinikuta getini, akaniuliza kwa nini natazama saa kila ninapokata kona. Nikamwambia mtu mkubwa huishi kwa dakika.

Saa yenyewe ni habari nyingine. Nilipewa na jenerali. Nilimpita mlimani, yeye akiwa na pikipiki mimi na baiskeli, akasimama, akaivua mkononi mwake akanivisha kwa mikono yake. Tangu siku hiyo haijatoka mkononi mwangu. Kuoga naoga nayo, kulala nalala nayo.

Jumanne, 19 Machi

Siku mbaya. Ramani inakula chaji kama mchwa. Saa nane mchana simu ilizimika nikiwa juu mlimani, mstari ukakatikia hapohapo. Hiyo ni safari ya kwanza kuharibika. Lakini mstari si kitu. Nilipofika nyumbani nilimkuta mpwa wangu kakaa kizingitini, miguu kwenye maji ya mvua, simu mkononi.

"Nimekupigia mara saba, Mjomba."

"Ilizimika, mama. Kuna nini?"

"Tumbo lilikaza. Nikaona na damu kidogo. Sasa limetulia."

"Ungemwita jirani."

"Jirani nilimwita. Wewe ndiye nilikuwa nakutaka."

Jirani yetu ni mshonaji, mama wa makamo, hana simile. Alikuwa nyuma ya pazia na kanda yake ya kupimia shingoni. "Simu ya kutafutia njia, na simu ya kuitiwa mgonjwa, kitu kimoja?" akasema. "We shemeji, huoni siku moja vitagombana?"

Nilimjibu kwamba niliwahi kuendesha baiskeli huku napiga ngoma kwa magoti. Lakini nimekaa hapa naandika na maneno yake hayatoki.

Jumatano, 20 Machi

Nimepitia kwa fundi wa baiskeli, yule tunayemwita Spoku kwa wembamba. Ana jipiesi. Mkimbiaji mmoja alimwachia alipouza baiskeli na kuhama mji. Ndogo kama kiberiti cha jikoni, ina vitufe pembeni, na kioo hakijali matone. Spoku aliimwagia kopo la maji mbele yangu, haikukohoa. Chaji siku mbili. Haisemi: inachora mshale, unafuata mshale.

"Na simu ikipigwa, inaita?"

"Hii haina habari na mtu, mkubwa. Inajua njia tu."

Ndiyo hasa nilichotaka. Jipiesi ishughulike na njia, simu ikae kifuani imeshiba chaji, imsubiri mpwa.

"Unataka nini?"

Akainyooshea kidole saa yangu. "Hiyo ya jenerali. Umenihadithia mara ishirini, na mimi nataka ya kuwahadithia watu."

Nikapanda baiskeli nikaondoka.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Nimefunga betri la akiba kiunoni kwa kamba. Limeingia maji kabla ya kituo cha pili.

Jumatano, 27 Machi

Imezimika tena. Mstari wa pili umepotea. Karani ameweka alama mbili nyekundu mbele ya jina langu, kisha akaninong'oneza, "Mzee wangu, tafuta jipiesi. Ya tatu siwezi kukuficha." Niliporudi, mpwa alikuwa amelala. Hakuwa amepiga. Nilisimama mlangoni nikamtazama akipumua mpaka jirani akaniuliza kama namkagua kwa ajili ya kununua.

Nikipoteza kazi, nani ataleta chakula hapa mpaka mumewe arudi? Nikiibakiza kazi na simu ikazimika saa ile yenyewe, nitamwambia nini dada yangu? Dada yangu hayupo, lakini huniuliza.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemvulia Spoku saa. Mkanda ulikuwa umeshika ngozi, akaulainisha kwa grisi. Mkono umebaki mwepesi, sijui niuweke wapi.

"Usilie, mkubwa, ni saa tu."

"Ni grisi yako imeniingia machoni."

Jumatano, 3 Aprili

Jipiesi ni kitu cha watu wenye akili. Karani ameniingizia njia za vituo vyote kwa kompyuta yake. Mshale ukilala upande huu, nami nalala upande huu. Vituo sita, mistari sita. Simu kifuani, chaji tisini na nane.

Alhamisi, 4 Aprili

Vituo saba. Mpwa kapiga kuuliza kama kuna chumvi. Nilisikia mlio wa kwanza, nikasimama katikati ya mteremko.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua haijakatika siku tisa. Mto umepanda mpaka kwenye ubao wa daraja. Mpwa amevimba miguu, lakini leo alicheka. Niliweka jipiesi juu ya tumbo lake nikamwambia tuone mtoto anaelekea wapi.

"Mshale unaonyesha nini?" akauliza.

"Unasema rudi ulikotoka."

"Uambie mshale mimi ndiye ninayemchelewesha mtoto. Bado wiki tatu."

Kisha akaushika mkono wangu, akaupapasa pale palipokuwa na saa.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika ya jana.

Saa nne asubuhi nilikuwa kituo cha tisa, napakia vichupa kwenye kisanduku cha barafu. Simu ikaita. Ilikuwa imejaa chaji, nililipanga hilo, hilo peke yake nililipanga vizuri. Mpwa alisema, "Mjomba, maji yametoka. Na damu." Basi. Nyuma yake nikamsikia jirani akisema lala, lala.

Niliwapigia hospitali. Gari limeshindwa, daraja liko chini ya maji. Pale kituoni alikuwepo mkunga, mama mnene wa vitendo. Hakuniuliza mara mbili. Alichukua mkoba wake, akafunga koti la mvua, akakalia keria ya baiskeli yangu kama kazaliwa pale.

"Twende."

Jipiesi ilijua njia alizoingiza Karani, na zote zinapita darajani. Mshale ulizunguka tu kama kuku aliyepigwa jiwe. Nikampa mkunga simu. Akaiingiza ndani ya koti, akatafuta njia ya juu, ya kuvukia kwenye mto mwembamba. "Inasema nusu saa," akasema. "Kanyaga."

Nilikanyaga. Mungu ndiye shahidi, sikuwahi kukanyaga hivyo hata mbele ya treni.

Njia panda ya kwanza akasema, "Kushoto!" Nikatazama mkono wangu. Koti la mvua tu. Nikakata.

"Nimesema kushoto, baba!"

"Najua mkato."

"Mkato upi? Ramani inasema—"

"Mama, njia hizi nimezaliwa nazo. Kaa vizuri."

Tukatokea kwenye machimbo ya mchanga, ukuta wa udongo mbele, maji kila upande. Tukarudi. Njia panda ya pili tulikwenda sawa. Ya tatu akapiga kelele "Kulia! Kulia!" nikakata, akanipiga ngumi mgongoni, nikasema tena mkato. Tukaishia kwenye uzio wa shamba la mtu. Ikabidi tuinue baiskeli juu ya waya, mimi na yeye, kisanduku cha damu za watu kikaanguka kikafunguka. Sikukiokota.

Hapo simu ikaita. Mlio ukafunika ramani yote, yakabaki maneno mawili tu pale juu: Mpwa Wangu. Mkunga akapokea.

"Anauliza mko wapi."

"Mwambie tuko mlangoni."

"Mimi sisemi uongo kwa mwanamke aliye kwenye uchungu."

"Nakuomba. Mwambie tuko mlangoni."

Akamwambia, "Tunakuja, mwanangu. Pumua." Akakata. Njia panda ya nne sikumsikiliza tena. Nilifuata moshi wa kiwanda cha matofali ambacho nakijua kiko karibu na kwetu, nikakifuata kwa macho kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.

Tulitumia saa moja na dakika kumi.

Jirani alikuwa amepiga magoti, mikono yake yote myekundu mpaka kwenye viwiko. Mtoto alishatoka, wa kiume, rangi yake si ya kuandika. Mkunga alimnyonya pua kwa mdomo wake, akampiga nyayo, akampiga tena, mpaka akalia sauti ndogo kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini damu ya mama haikukatika. Mimi niliizoea damu kwenye vichupa. Sikujua mtu mmoja anayo nyingi hivyo.

Mchana trekta la kiwanda cha matofali likavuka na mpwa wangu juu ya tela. Nilimshika kichwa njia nzima. Alifumbua macho mara moja, akasema, "Ulisema uko mlangoni." Nadhani alimsikia mkunga akibishana nami.

Alhamisi, 25 Aprili

Hajaamka.

Ijumaa, 26 Aprili

Hajaamka. Nimetoa damu yangu. Walipoiweka kwenye kichupa nikamuuliza muuguzi nani ataibeba. Akasema maabara iko chumba cha pili.

Jumapili, 28 Aprili

Amefumbua macho. Hajasema kitu. Mtoto anakunywa kwa sindano ya plastiki. Mvua.

Ijumaa, 3 Mei

Daktari aliniita pembeni. Amepona, alisema, ila ili apone walilazimika kuondoa mfuko wa uzazi. Huyu mtoto ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Nikamuuliza, kama tungefika mapema?

"Mapema kiasi gani?"

"Dakika arobaini."

Alikunja faili lake. Daktari kijana, anaweza kuwa mwanangu. "Usijiulize hivyo, mzee," akasema. Angekuwa anaona hapana, angesema hapana.

Jumatano, 8 Mei

Mkunga amekuja kumwona mtoto. Alinikuta kwenye benchi la nje, hakunisalimu kwanza.

"Ujuaji wako, mzee," akasema. "Nilikuwa na ramani mkononi, inasema hivi, wewe unasema mkato. Mkato! Kama ungenyamaza ukapinda nilipokuambia, yule binti angekuwa anakaa kitandani kwake sasa hivi. Majivuno yako yatakuja kukuzika na wenzako."

Watu wa wodini walikuwa wanasikiliza. Muuza chai alisimamisha birika hewani. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Kweli, mama. Ni majivuno."

Akashangaa. Nadhani alikuja amejiandaa kugombana. Akakaa pembeni yangu, akalia, nami nikamshika bega. Mtaani sasa ndivyo inavyosimuliwa: mjomba mjuaji alikataa ramani. Jirani ameacha kuniita shemeji. Karani amefuta alama nyekundu kwa huruma, na hilo ndilo linauma zaidi.

Waache waseme hivyo. Mjuaji ni jina la mtu mzima.

Jumamosi, 11 Mei

Leo jua limetoka siku nzima. Nimemrudishia Spoku jipiesi yake. Alishasikia. Akafungua droo ya spana, akatoa saa ndani ya kitambaa. Hakuivaa hata siku moja.

"Chukua ya jenerali wako. Ivae nikuone."

Nikaishika. Nikaitazama. Nikatazama mikono yangu, huu na huu, alama ya mkanda ilishafifia. Nikaitia mfukoni.

"Mbona huvai?"

"Nitavaa huko mbele."

Nikaenda hospitali. Mpwa wangu alikuwa amekaa, mtoto kifuani, uso umempungua akawa mama yake kabisa, mpaka nikasimama mlangoni nikashindwa kuingia.

"Ingia, Mjomba. Au uko mlangoni kweli leo?"

Nikaingia. Nikamwekea saa juu ya shuka.

"Saa ya mama," akasema. "Nilijua umeiuza. Sikutaka kukuuliza."

Basi alikuwa anajua. Hakukuwa na jenerali yeyote. Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu wa gwaride alikuwa ananichapa kila asubuhi, wenzangu wakigeuka huku mimi nageuka kule. Watu husema angalia mkono unaoshikia kijiko. Mimi nilizaliwa nakishika kwa ule mwingine, wakanichapa nikauhamia huu, na tangu siku hiyo yote miwili naiona sawa. Dada yangu akanifunga uzi mwekundu mkononi, akaniambia, huu ndio kushoto, usiuvue. Uzi ulipochakaa akanifunga mwingine. Alipopata kazi yake ya kwanza akaninunulia saa, akaifunga palepale penye uzi. Mwaka ule niliacha shule, lakini kupotea niliacha pia.

Sikuwahi kujua mkato wowote siku ile. Ningemwambia yule mkunga maneno matatu tu, nioneshe kwa kidole, tungefika kwa nusu saa. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliona haya, mbele ya mama mnene niliyekuwa nimempa mgongo, ambaye hata uso wangu hakuuona.

"Nifungie," nikamwambia mpwa wangu. "Kama mama yako alivyokuwa ananifungia."

Akamlaza mtoto, akaichukua saa, akaufungua mkanda.

"Mkono gani, Mjomba?"

"Wa kushoto."

"Haya, nipe."

Nikamnyooshea yote miwili. Alisubiri nichague. Akanitazama, akaitazama mikono, akanitazama tena, muda mrefu, na nikaona zile dakika arobaini zikipita machoni mwake moja moja. Kisha akaushika mmoja akaufunga saa, taratibu, wala sijui kama amenisamehe. Nina miaka hamsini na mbili. Nilimpa yote miwili kwa sababu sikujua upi ni upi.